Tundu Chini ya Picha ya Mama

Vumbi la barabara kuu halijaamka bado, na Kilonzo Kiema tayari amemwaga mezani gunia lake la makaratasi. Kuna kalenda za mwaka jana, bahasha za kaki, mifuko ya unga iliyopanguswa vizuri, na mabango ya kampeni yenye nyuso za wakubwa wakicheka. Nyuso anazigeuza chini. Upande wa nyuma ni mweupe, na huo ndio anaoutaka.

"Hapa tu ndipo wamenifaa," anasema, akinyoosha bango kwa kiganja.

Katika kibanda chake karibu na soko la Voi, Kilonzo, mwenye miaka hamsini na minane, hutengeneza albamu za picha na kadi za harusi na za matanga. Shule aliishia darasa la tano. Kazi alifundishwa na mkewe, Mbithe, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, baada ya hospitali kuwaambia kila wiki kwamba mashine ya figo imeharibika na fundi yuko njiani.

"Fundi huyo sijui alikuwa anatembea kwa magoti," anasema, kisha anarudi kwenye mkasi wake.

Mbithe hakutupa kitu. Ukingo uliokatwa ulikuwa pindo la ukurasa, vipande vidogo vikawa maua, na mabaki ya mwisho yaliloweshwa, yakapondwa na kukaushwa kuwa jalada. Kilonzo amefuata nyayo hizo. Anasema mtu wa ushuru hupita kila asubuhi lakini lori la taka halipiti, kwa hiyo mwenye akili hapungukiwi na malighafi.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa kwenye karatasi nzito ya maua, ile inayotoka Mombasa na kupanda bei kila bajeti ikisomwa. Ukibandika picha juu yake, sehemu iliyo chini haionekani tena. Basi Kilonzo alikuwa akiikata ile sehemu ya katikati kwanza na kubandika picha juu ya tundu. Kipande alichotoa kilipamba ukurasa wa pili.

"Nilijiambia, chini ya picha nani atachungulia?"

Mwezi wa nne walichungulia.

Wakio, mwalimu wa chekechea huko Ronge milimani, alikuwa amemwagiza albamu ya kumbukumbu ya mama yake. Siku ya mazishi, picha ya kubebwa mbele ya jeneza ikasahaulika mjini. Kakake Wakio, Danson, akaona heri wabandue ile kubwa ya kwenye albamu. Ilipotoka, mchungaji na kwaya nzima wakaona tundu la mraba. Shangazi mmoja akasema marehemu amechimbiwa mara mbili, na maneno hayo yakateremka mlimani kabla ya waombolezaji.

Wakio alikuja kibandani wiki iliyofuata. Hakupaza sauti.

"Baba Ndanu," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye, "ungeniambia karatasi haitoshi, ningeelewa. Lakini kumwekea mama yangu tundu?"

Kilonzo akajitetea kwa bei, kwa ushuru, kwa wakubwa wanaokula wakasahau kunawa. Wakio alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza ni mkubwa yupi aliyeshika wembe.

"Na wembe ulikuwa wangu," asema Kilonzo.

Alitakiwa kutengeneza albamu nyingine kabla ya Jumamosi hii, siku ya ibada ya kuweka msalaba kaburini. Vikundi viwili vya kanisa vilivyokuwa vimemwagiza kazi vikasema vitangoja kwanza vione hiyo ya Ronge. Bila vikundi hivyo, kibanda hakina mwezi mwingine.

Karatasi ya maua alibaki nayo moja tu, ya zambarau. Mbithe alinunua sita, akazifungia sandukuni zingoje siku kubwa. Mchwa wakala tano. Hiyo ya sita mumewe amekuwa akiitoa, anaipangusa, anairudisha.

Binti yao, Ndanu, ndiye aliyemfungulia sanduku. "Baba, mama aliweka, mchwa wakala," alimwambia. "Na wewe unaweka. Hiyo pia ni kutupa, ni vile tu unatupa polepole."

Sasa karatasi iko mezani. Kilonzo anashika wembe kwa mazoea, anautazama, anaupeleka ukingoni tu, kupunguza karatasi itoshe ukurasa. Katikati haigusi. Anapaka gundi ya unga wa ngano, analaza picha ya mama wa Ronge.

Wakio anashuka kwenye bodaboda gundi ikiwa bado mbichi. Hasalimii sana. Anainua pembe ya picha kwa ukucha, anachungulia, anakuta maua yamepita hadi ng'ambo. Anairudisha na kuikandamiza kwa kidole gumba, kwa muda mrefu.

"Na wengine bado unawatoboa?" anamwuliza.

"Wa harusi tu," anajibu Kilonzo. "Na nitawaambia kwanza."

"Haya. Jumamosi nitawaonyesha hao wa vikundi. Wachungulie wenyewe."

Anapoondoka, mezani unabaki ukanda mwembamba wa zambarau, upana wa kidole. Kilonzo anafagia vipande vingine vyote guniani, lakini huo anaukunja ndani ya mfuko wa shati. Ndanu anaolewa Desemba, na baba yake anapanga kuuzungushia jina lake kwenye kadi ya kwanza.

"Hizo kadi zingine," anasema, akivuta bango jingine na kuligeuza kifudifudi, "hawa watagharamia."