Mnara na Mitende ya Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kwenye idara ya majengo ya kale hapa Maskati, mkuu wa mafundi alinipa chepe. "Kwanza uujue udongo," akanambia. Nimetoka chuoni na uhandisi wangu, nikakanyaga matope yaliyochanganywa na majani makavu mpaka jioni. Ndiyo plasta ya ngome zetu. Watu hudhani adui wa ngome ni mvua tu. Kumbe ukame nao huusinyaza udongo chini ya msingi, ukuta ukapasuka.

Nilihamishwa ngome hii na ile, lakini isiyonitoka rohoni ni kazi ya mnara mmoja nje ya mji, mvua zilipokatika. Nyufa zilikuwa zinaingia mkono. Dawa ilikuwa kuurudishia udongo unyevu polepole, kwa wiki nyingi. Gari la maji halikuweza kupanda njia ile. Kulikuwa na falaji tu, mfereji wa wazee, nao unachuruzika. Maji yake hugawanywa kwa zamu, na zamu kubwa ilikuwa ya Bi Zuwena, mjane mwenye mitende pale kijijini.

Mkurugenzi wa idara alinipigia simu. "Amri ya serikali unayo. Yachukue maji."

"Na mitende yake?"

"Mitende hupandwa tena, Mhandisi. Mnara wa mababu nnaupanda wapi?"

Hakukosea, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Nikenda kwa Bi Zuwena. Alinitilia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mitende ikifa sote tutahamia mjini. Huo mnara utabaki kumlinda nani?"

Amri sikuitumia. Tuliuegemeza mnara kwa mawe, tukakiacha chumba chake cha upande wa mashariki, kwani mawe hayakutosha. Kilianguka asubuhi moja sote tukitazama. Vumbi lilipotua, nikamwona Bi Zuwena kasimama karibu yangu.

"Babu yangu kazaliwa chumba kile," alisema. Kisha akenda kufungulia mitende maji.

Mkurugenzi hakunikabidhi tena kazi kubwa. Mnara upo, na watu wapo. Mie nimestaafu, nakaa mtaa wa Hail hapa hapa Maskati, na mvua zikichelewa situlii. Natia gari moto nakwenda kuutazama mnara. Wanangu hunambia nipumzike. Nyinyi mnaoingia kazi hii mtafunzwa kupima na kuziba. Kuchagua kipi kiachwe kianguke mtakufanya wenyewe, na mkishachagua mtaulizana na nafsi zenu miaka.