Kidole cha Nne

Mambo yanayomtia Lou Jinsheng kinyaa ni mengi, na hafichi hata moja. Hapendi harufu ya gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao kuzibia nyufa. Hapendi rangi inayopakwa kwenye mti mchanga ili uonekane mkongwe. Lakini kinachomchefua hasa ni mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, inapochonga migongo minane ya viti kwa pamoja, vichwa vyake vikishuka na kupanda kama kuku wanaodonoa mtama. Na ndiyo hiyohiyo inayomlisha.

Hapa Dongyang, mji wa wachongaji nchini China, alichonga kwa mkono miaka thelathini na minane. Karakana anayofanyia kazi sasa ni ya Du Haofeng, mwanagenzi wake wa zamani, mtu aliyekuwa mvivu wa kunoa patasi tangu siku ya kwanza. Mashine ikimaliza, Lou hupitisha patasi juu ya ubao, huku kidogo na kule kidogo, aache alama za mkono ili mteja aamini. Kazi hiyo anaiita kupaka maiti poda, na huitaja hivyo hata mbele ya wateja.

Kisha kuna kisa cha kidole cha ndege. Miaka ishirini na sita iliyopita Lou alikuwa akichonga ndege wawili wa heri, wale wenye mikia mirefu wanaowekwa juu ya tawi la mplamu kwenye vyombo vya harusi. Jirani akaingia mbio kumwambia kwamba mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Patasi ikateleza, kidole kimoja cha ndege wa kushoto kikaruka. Mguu uliotakiwa kuwa na vidole vinne ukabaki na vitatu. Siku hiyo akazaliwa Qiuyan, binti yake wa pekee, na ubao ule Lou akautupa nyuma ya kabati kwa aibu.

Haofeng ndiye aliyeuokota. Miaka ilipopita na mashine ikaja, akaupiga picha, akauingiza kwenye kompyuta, na tangu hapo kila kiti kinatoka na ndege kilema. Lou alidai mchoro urekebishwe. Mwanamke anayeshughulikia kompyuta pale karakanani alisema ni kazi ya dakika tano. Haofeng akakataa katakata, kwa kuwa alishawaambia wateja kwamba hiyo ni alama ya siri ya fundi.

"Fundi, watu wanahesabu vidole kabla ya kununua," alisema. "Hiyo ndiyo saini yako."

"Saini yangu ni kosa langu?"

"Ndilo linalouza."

Haikupita muda, mji mzima ukajua kwamba ndege wa Lou ana vidole vitatu.

Qiuyan alipochumbiwa, Lou aliapa kwamba binti yake hataingia nyumba ya watu na uchafu wa mashine. Akanunua mbao za kafuri, na kwa miezi saba, kila alipotoka karakanani, alichonga nyumbani sanduku la harusi. Ndege wawili, tawi la mplamu, miguu iliyokamilika, vidole vinne vinne. Hakuwahi kuchonga kitu kizuri kuliko hicho, naye alijua.

Mama Shen, mama wa bwana harusi, akaja na dada zake kukagua vyombo, kama ilivyo ada. Akavaa miwani, akainama, akahesabu. Kisha akasifu kufuli ya shaba. Akamgeukia dada yake na kunong'ona, lakini chumba kizima kilisikia, "Hili ni la dukani. La Fundi Lou lina vidole vitatu."

Lou akamweleza kwamba amelichonga mwenyewe, kwa mikono hii. Mama Shen akatabasamu kwa huruma ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake.

"Si neno, mkwe wangu. Siku hizi nani ana muda?"

Dada zake wakaangalia vikombe vyao vya chai. Qiuyan aliinamisha kichwa, shingo imemwiva kwa aibu. Sanduku lile lingekaa chumbani kwake, na maneno yale yangekaa nalo maisha yake yote. Akamsogelea baba yake.

"Baba, kitoe kidole cha nne."

"Kidole kile nilikikata siku unazaliwa. Miezi saba nimekirudisha."

"Najua, Baba. Lakini nitakayeishi na watu hawa ni mimi."

Lou akainuka. Akaenda kuchukua patasi. Akaiweka kwenye mguu wa ndege wa kushoto, akagonga mara moja tu. Kidole kikaanguka sakafuni, harufu ya kafuri ikapanda.

Mama Shen akainama tena. Akahesabu, akapapasa palipokatwa, na uso ukamkunjuka.

"Kumbe," akasema, "lilikuwa halijaisha."

Lou akatoka uani, akatema mate.