Fundi wa sare aliyepungukiwa na siku kumi na tisa

Saa kumi na mbili asubuhi, Fundi Vifungo anapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani yake, anasukuma miwani juu na kuvuta shati la kwanza la jeshi. Hadi jioni atakuwa ameshona kola ishirini na nane.

"Nikiziacha hizi kola, mawazo yataniua," anasema bila kuinua macho.

Alhamisi hii anaitwa mbele ya kamati ya uraia. Alizaliwa katika nchi ambayo sasa tunapigana nayo. Sheria ya vita iliyopitishwa mwezi uliopita inasema mzaliwa wa huko ambaye, vita vilipoanza, alikuwa hajatimiza miaka kumi tangu aape kuwa raia, anavuliwa uraia na kupelekwa kambini hadi vita viishe.

Fundi amepungukiwa na siku kumi na tisa.

Na kisa chenyewe, jamani, ni suti! Barua ya kumwita kuapa ilipofika, suti yake ya siku hiyo ilikuwa bado. Akamwomba karani amsogeze hadi kikao cha mwezi uliofuata.

"Nilikuwa na suti za watu wanane mezani, yangu hata sijaikata," anasema. "Sasa fundi mzima nikaape na suruali ya kuazima? Watu si watanicheka!"

Anacheka mwenyewe, kisha anavua miwani na kujifuta macho.

"Shona, baba, usituharibie siku," anamkatiza mama anayekata vitambaa meza ya pili.

Nyumbani, mkewe amepanga nguo katika mabegi mawili. Yeye ni mzaliwa wa hapa, kambi haimhusu. Juzi alikwenda kuomba fomu ya kuukana uraia wake ili afuatane na mumewe. Karani akamjibu kwamba wakati wa vita mzawa haruhusiwi kuukana.

"Mimi nautoa, hawautaki. Mwenzangu anaulilia, wanamnyang'anya," anasema. "Hiyo ni akili gani?"



Wiki iliyopita kamati iliita watu kumi na mmoja. Hakuna aliyerudi kwake. Fundi analijua hilo.

"Miaka ishirini na miwili hatujawahi kulala nyumba tofauti," anasema. "Nitawaomba kitu kimoja tu. Wakinipeleka, iwe kambi ya karibu, mke wangu aweze kuja kuniona na kurudi siku hiyo hiyo. Miguu inamsumbua."