Mzee wa Maji

Kwetu, kusini mwa Ijara, kuelekea pwani, Mto Tana ukifurika ulituachia bwawa katikati ya matete. Kiangazi kikikausha kila mahali, bwawa letu lilibaki na maji, na bila maji hayo hatukuwa na ng'ombe. Lilikuwa na mamba pia: dume moja kubwa, ambalo watu walisema limemzidi baba umri, na majike yake. Ukiwa karibu na maji hukumtaja mamba kwa jina lake, si kwa Kisomali wala kwa Kiswahili, maana ukimtaja umemwita. Tulimwita Mzee.

Mimi sikumpenda hata kidogo. Alikuwa amenilia mbuzi, na nilimlaani kila nilipokwenda kuteka maji. Baba alinikanya. Alisema kwa sababu ya Mzee, ng'ombe hunywa upande wa mchanga tu, haraka haraka, kisha huondoka, na ngiri hawathubutu kuchimbua mizizi ya matete. Niliyaona hayo kuwa maneno ya mtu aliyezoea hasara. Nilikuwa nimekaa Garissa kwa shangazi nikiuza maziwa, nimejua Kiswahili, na nilijiona nimeyajua na mengine yote.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya. Askari walipofika bwawani asubuhi moja, walitukalisha wanawake chini ya mgunga na kutuamuru tunyamaze. Kisha wakamwendea baba. Walitaka kujua kwa nini upande wa matete hauna hata alama ya kwato, ilhali mifugo ni mingi hivyo. Kwao, mahali mchungaji asipopeleka ng'ombe ndipo alipoficha watu.

Baba alikipenda Kiswahili kuliko Kiswahili kilivyompenda yeye; kila "p" kwake iligeuka "b". Alitaka tu kuwaonya wasiumie.

"Msibite ubande hiyo, afande," alisema. "Mzee iko ndani."

Mkubwa wao akasimama. "Mzee gani?"

"Mzee ya maji. Iko na bibi zake. Mchana nalala, usiku natoka. Sisi yote naogoba yeye."

Ulimi huponza kichwa, na wa baba uliendelea kumponza mbele ya macho yangu. Walimuuliza kama huyo mzee ana silaha. Akajibu kwamba hana, ana meno tu. Askari mmoja akamzaba kofi, akidhani anafanyiwa mzaha. Wakamfunga mikono kwa kamba yetu ya ndoo, wakasema watakwenda naye. Siku zile mtu akichukuliwa kwa jina la shifta, wa nyumbani kwake walianza kumsomea dua kabla hajapotea machoni. Nilipofungua mdomo nieleze, nilielekezewa bunduki.

Aliyemwokoa ni mama, ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Aliinuka, akanyoosha mikono yake mbele, mmoja juu ya mwingine, akaifungua na kuifumba kama taya. Walipoendelea kumkodolea macho, alilala kifudifudi akajikokota mchangani kuelekea kwenye matete. Mama yangu, mwanamke wa heshima zake, alitambaa kwa tumbo mbele ya wanaume wageni. Nilitamani ardhi inimeze. Askari walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini.

Mkubwa wao hakucheka. Alisema atamwachilia mzee huyu akishamwona mzee yule. Walichukua mbuzi wetu, wakamfunga karibu na matete, naye akalia mpaka adhuhuri. Mzee alipojitokeza walimpiga risasi, kisha wakaendelea kuyapiga majike yake majini mpaka hakuna kilichotikisika. Walimfungua baba, wakampa mkono, wakaenda zao. Nilipiga vigelegele, na sijui kama nilikuwa nikimshangilia baba au nikimcheka mamba. Baba alikaa akitazama maji mekundu, nami nikadhani ni kofi linalomuuma.

Mwanzoni tulifurahi. Ng'ombe waliingia majini hadi tumboni na kushinda humo. Walikula matete na kuyakanyaga, ngiri wakaja kumalizia mizizi. Kingo zikaporomoka. Maji yakageuka kijani, yakaanza kunuka, na ndege wakahama. Nilichanganyikiwa kabisa. Adui alikuwa amekufa, sasa mbona kila kitu kinaharibika? Mimi nilisema askari wametia sumu, jirani akasema ni laana, na kila mtu alikuwa na lake. Hata leo nikijaribu kueleza jinsi mla mbuzi alivyokuwa mlinzi wa maji ya mbuzi, naanza vizuri, halafu maneno yananipotea njiani.

Kiangazi kilichofuata bwawa lilikuwa tope tupu. Ng'ombe waliofuata maji katikati walinasa humo humo wakashindwa kutoka. Siku moja mimi na mama tulikuwa tukimvuta mtamba, tumejaa matope mpaka usoni. Baba alikuwa amesimama ukingoni, hasogei.

"Wangenichukua mimi," alisema, "wakamwacha yeye."

Mama aliachilia kamba, akamwambia arudie alichosema. Niliwaka hasira. Nilitaka kumwambia kwamba uhai wa mtu haubadilishwi kwa bwawa. Nikawatazama ng'ombe waliolala kwenye tope, nikashindwa kujua kama ningekuwa ninasema kweli.