Kati ya Sentimita Tano na Sita

Nilifeli somo la takwimu mara mbili, na mara zote mbili nilifeli kwa hasira. Nilikuwa nimefanya kazi ya ukunga miaka kumi na sita katika zahanati moja ya Kitahana, Kibondo, ndipo nikaenda Kasulu kusomea stashahada. Anatomia nilifaulu. Somo la dawa nilifaulu. Kilichonikwamisha ni jambo ambalo darasa zima lilisema ni jepesi: tofauti ya data za kuhesabu na data endelevu.

Mwalimu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa.

"Data za kuhesabu zinakwenda moja, mbili, tatu, na katikati hakuna kitu," alisema. "Idadi ya watoto wa mama, kwa mfano. Data endelevu zinapimwa. Kati ya namba mbili daima kuna nyingine. Uzito. Urefu. Umri."

"Umri?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Umri."

"Mwalimu, nimeandika umri wa wajawazito kwenye rejesta miaka yote hii. Ishirini na mbili. Thelathini na moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ana miaka ishirini na mbili na wiki tatu na siku mbili."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Rejesta inataka miaka kamili," akasema, "lakini umri wenyewe hausubiri rejesta."

Jibu zuri, nalikiri leo. Siku ile lilinichoma tu.

Kwenye mtihani likaja swali la kufunguka kwa shingo ya kizazi, kwa sentimita. Niliandika ni data ya kuhesabu. Kwani patografu, ile karatasi tunayochora maendeleo ya uchungu, tunajaza nini? Nne, tano, sita. Sijawahi kuona mkunga ameandika tano nukta tatu. Nikakosa. Mtihani wa marudio ukaleta swali lilelile, nami nikaandika jibu lilelile, kwa ukaidi mtupu.

Mume wangu alinipigia simu kutoka Kitahana. "Kwa nini usimwandikie tu anachotaka?"

"Kwa sababu sikubaliani naye."

"Haya," akasema. "Basi feli kwa amani."

Chuo chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo aliyefundisha takwimu ndiye pia aliyetusimamia kwenye mafunzo ya wodini. Asubuhi moja tulimpokea mama kutoka Makere, uzazi wake wa tatu, mwenye uchungu wa kweli. Nilimsalimia kwa Kiha, nikamwomba ruhusa, nikampima. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya pazia na karatasi yake.

"Umepata ngapi, mama?"

"Tano. Lakini siyo tano ya kukaa. Imeshavuka, inaitafuta sita."

"Kwa hiyo ni ngapi?"

"Kwenye karatasi ni tano."

Akaitazama karatasi yake. Nami nilikuwa nimeyasikia maneno yangu mwenyewe.

"Ule mstari unaounganisha nukta kwenye patografu," akasema polepole, "huwa unauchora wa nini, kama katikati hakuna kitu?"

Ningefurahi kusema kwamba nilishukuru. Nilikasirika zaidi. Miaka kumi na sita vidole vyangu vilijua kwamba kizazi hakiruki kutoka tano hadi sita kama mtu anayepanda ngazi. Kinafunguka taratibu, na sisi ndio tunaokata kwa namba kamili kwa sababu vidole havina mistari ya rula. Nilikuwa nalijua jambo lenyewe kuliko yeye. Ila siku ya kwanza alianza na umri, akaniacha nibishane na rejesta muhula mzima! Angeanza na kizazi, ningekuwa nimefaulu zamani.

"Mawe we!" yule mama akamwita mama yake kwa Kiha, kisha akatupigia kelele kutoka kitandani. "Mnabishana nini, na mtoto anakuja?"

Mtoto alikuwa bado, lakini tuliaibika. Alijifungua kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, na hakuna aliyeongea tena habari ya takwimu siku hiyo.

Kwenye mtihani wa tatu nililipata swali la sentimita. Lakini lilikuwepo jingine: mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kwa dakika. Nikaandika data ya kuhesabu, tena kwa furaha, kwa sababu mapigo nayahesabu moja moja kwa sikio langu na hakuna nusu pigo. Karatasi ikarudi na alama ya kosa.

Nikaenda ofisini kwake nikiwa nimeishika mkononi.

"Pigo moja linahesabika, ni kweli," akasema. "Lakini mapigo kwa dakika ni kasi. Wachambuzi wengi huichukua kama data endelevu."

"Huichukua, au ndivyo ilivyo?"

Akajikuna kichwa. "Huichukua."

"Basi wewe ulifundisha kwamba kinachohesabiwa ni cha kuhesabu. Mimi nimehesabu. Wachambuzi wasiohesabu wanaingiaje kwenye mtihani wangu?"

Akachukua kalamu nyekundu na kuniongezea nusu alama. Nusu! Niliondoka bila kuaga. Somo nililifaulu, nikarudi zahanati na cheti changu, na mume wangu hadi leo sijamwambia nilipata ngapi na nusu.