Mkeka wa Mwanaheri Kwenye Intaneti

Adija Shaaban alikuwa mpiga chapa katika duka la vifaa vya ofisi mjini Lindi. Mwaka 2005 mgeni mmoja alinunua mikeka miwili kwa Mwanaheri, mama mdogo wa Adija, aliyekuwa akisuka na wenzake kule Mitwero, kisha akaomba anwani ya tovuti yao. Wasusi wakatazamana. Adija, aliyekuwa akitafsiri, akajikuta anasema, "Tunaitengeneza."

Hakukuwa na wa kumfundisha. Masomo aliyapata kwenye intaneti, kwa Kiingereza, naye shule aliishia kidato cha pili. Kamusi nayo ilimpotosha. Neno "tegi", ilisema, ni kikaratasi cha bei. Siku mbili nzima akakitafuta kikaratasi kwenye kioo cha kompyuta. Baadaye akaelewa kuwa ni maagizo yanayowekwa ndani ya mabano yenye ncha, na ukifungua agizo sharti ulifunge. Akisahau, ukurasa mzima uligeuka herufi nene. Umeme ukikatika, kazi ya asubuhi yote ilipotea, kwa hiyo akawa anaandika kwanza kwenye daftari.

Katika mwezi wa nne wa kazi hiyo ukurasa ulikamilika kwenye kompyuta ya kazini, na juu yake picha ya mkeka aliokuwa nao nyumbani. Akaupandisha mtandaoni, akawaita kina mama kwenye chumba cha intaneti. Walikuja sita, wamejifunga kanga mpya. Maandishi yakatokea. Mahali pa picha palikuwa na kisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya kukosa.

"Ndiyo mkeka wetu huo?" akauliza Lusia, mmoja wa wasusi.

"Picha inachelewa," alisema Adija.

Wakangoja. Haikuja. Wakatoka mmoja mmoja, bila kumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

Majuma matatu alifuta na kuandika upya. Alibadili ukubwa wa picha, akabadili mabano, akamgombeza mwenye chumba aliyekuwa hana kosa. Mwishowe akaligundua kosa lenyewe: picha aliihifadhi kwa jina "Mkeka", lakini kwenye ukurasa aliandika "mkeka". Kompyuta ya kazini haikujali herufi kubwa wala ndogo. Ile ya mtandaoni ilijali. Hakufurahi hata kidogo. Alitamani kuipiga ngumi.

Safari hii hakumwita mtu. Aliuchapisha ukurasa kwenye karatasi, akaupeleka Mitwero.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanaheri aliishika karatasi mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umejitahidi. Lakini umepiga picha upande wa chini. Hapa ndipo tunapofichia ncha za ukindu. Mtu akiona hivi atadhani hatujui kushona."

Adija akaketi. "Miezi yote hii, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kompyuta yako. Hukutuuliza kitu."

Alikasirika, hajui amkasirikie nani. Kisha akaomba mkeka mwingine utandazwe uani, kwenye jua, apige picha upya, na Mwanaheri mwenyewe aseme upande upi uwe juu.