Kalunguyeye wa Mjomba

Mjomba wangu alirudi kijijini kwetu Mbekenyera pale kazi za mashamba ya karanga kule Nachingwea zilipokufa. Huko alikuwa akimfulia nguo Mzungu mmoja, fundi wa matrekta, na kitu pekee alichorudi nacho, ukiacha kofia, ni habari ya kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Ulaya, alisema, kalunguyeye hula mpaka akanenepa, kisha baridi ikija hujikunja shimoni akalala miezi. Mwili hupoa, moyo hupiga polepole, na yale mafuta humlisha ndani kwa ndani, basi njaa haimwamshi.

Sikatai kwamba ni kweli. Ninachokidharau ni alivyoitumia. Mwaka ule mavuno yalikuwa haba, naye akatangaza kuwa atanenepa sasa, halafu njaa ikija atalala asimsumbue mtu. Huyu ni mtu ambaye mwezi wa Ramadhani hafiki adhuhuri bila kujificha nyuma ya nyumba kutafuna muhogo. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya dada yake na watoto wa dada, kwa hiyo mama alipakua, yeye akala. Alimaliza sehemu yake, akaingia kwenye ya kwetu, huku akijipapasa kitambi kama anayepima gunia.

Ghala lilipokauka, mvua bado, akajilaza kitandani na kujifunika shuka gubigubi. Mimi na mama tukaenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Nyumbani tulibakiza mahindi ya mbegu tu, yamening'inia juu ya jiko, kwenye moshi. Hayo hayaguswi hata mtoto akilia.

Tuliporudi jioni tulikuta magunzi matupu na kigae cha kukaangia bado kina moto. Kalunguyeye wetu alikuwa ameketi jikoni, mdomo umejaa masizi. Akatueleza kwamba kosa ni la nchi hii, haina baridi ya kutosha kuisinziisha njaa.

Mama hakuwahi kumjibu kaka yake. Siku hiyo alitua kikapu, akamwambia, "Kaka, sisi tumelala njaa miaka yote bila kufundishwa na Mzungu. Na mbegu hatukugusa."

Mvua ilipokuja ilinyesha vizuri, wenzetu wakapanda. Mjomba alipita kando ya shamba letu, akasimama, akaniuliza kwa uso mkavu, "Mbona shamba limelala?"